Jembe la Jerop na Sumaku ya Dunia

Jerop wa Kabazi alikuwa mama wa kazi. Jogoo akiwika, humkuta ameshakama ng'ombe. Lakini asubuhi moja ya Machi 1957 alikaa jikoni, akamimina mbegu zote za mahindi kwenye kinu.

"Mama Chemutai, unataka kutwanga mbegu?" mumewe Kipketer alishtuka. "Tutapanda nini?"

"Tupande zikauke? Sumaku ya dunia imehama, na mvua imeenda nayo. Jana nimeona na macho yangu!"

Jana yake, akitoka shambani, aliwakuta wapimaji wa ardhi. Aliwasikia wakisema sumaku ya dunia inahama. Alipoinama kutazama dira yao, sindano ikageuka palepale. Alirudi nyumbani mbio.

Kipketer hakubishana. Kumbishia Jerop ni kumpigia mbuzi gitaa. Alikwenda kumwita Micah, mmoja wa wapimaji.

Micah aliweka dira juu ya kigoda. Sindano ikatulia.

"Mama, jana ulikuwa umebeba nini?"

"Jembe tu, begani."

"Hebu lilete karibu."

Jerop akalisogeza. Sindano ikageuka! Akaliondoa, sindano ikarudi.

"Wui! Kumbe ni jembe yangu!" Jerop akacheka mpaka akashika mbavu.

"Chuma kinavuta sindano," Micah alisema. "Sumaku ya dunia inahama kweli, lakini polepole sana. Mvua yetu inaletwa na jua na upepo unaobeba unyevu wa bahari."

"Kwa hivyo sumaku haigusi mvua hata kidogo?"

"Pengine inagusa hali ya hewa kidogo, kwa maelfu ya miaka. Wataalamu bado wanachunguza. Hapo mimi sijui, mama. Lakini dira haiwezi kukuambia mvua ya mwezi huu. Pima udongo. Ukilowa urefu wa kiganja, panda."

Jerop alizizoa mbegu kinuni, moja moja.

Wiki ya tatu baada ya hapo, mvua ilinyesha. Alichimba, akapima kwa kiganja, wakapanda siku hiyohiyo. Mwezi wa Oktoba ghala lilijaa hadi mlangoni, na watoto walishiba.

Jumapili ya shukrani, Jerop alisimama kanisani na kikapu cha mahindi.

"Namshukuru Mungu kwa mvua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Tena namshukuru kwa Micah. Kitu hajui, alisema hajui. Ndiyo maana nilimwamini kwa kile anajua."