Dakika Sita Bila Feni

Jamaldini Mbwana alikutwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha ufundi cha duka lake la kompyuta, mtaa wa Themi, Ijumaa saa nane na robo mchana. Alikuwa bado amevaa kanzu aliyoswalia. Damu ilikuwa imetoka kisogoni ikatengeneza dimbwi sakafuni.

Aliyemkuta ni binti yake, Swabaha, ambaye kazi yake ilikuwa kuhudumia wateja upande wa mbele.

Inspekta Silantoi Koikai alifika dakika ishirini baadaye, akifuatana na Koplo Lesian. Ilikuwa Julai ya mwaka 1999, na baridi ya Arusha ilikuwa imewafanya wote wawili wavae makoti. Inspekta aliukagua mlango kwanza. Haukuvunjwa. Droo ya fedha ilikuwa wazi na tupu. Kabati la kioo lililojaa prosesa na memori, vipuri vya bei kubwa, lilikuwa limefungwa vilevile.

"Mwizi gani anaacha mali yote hii, afande?" Lesian aliuliza.

"Ambaye hakuja kuiba."

Juu ya meza ya ufundi kompyuta moja isiyo na kifuniko ilikuwa inawaka. Feni yake ilizunguka kwa mlio mwembamba, na tarakimu zilikuwa zikipanda mfululizo kwenye skrini. Lesian alinyoosha mkono kuizima.

"Iache," Inspekta alisema. "Usiguse kitu."

Daktari wa polisi alichuchumaa kando ya maiti kwa muda mrefu.

"Pigo moja tu," alisema. "Lakini angalia jeraha. Mistari sita iliyonyooka, imepangana kama meno ya kitana. Sijapata kuona silaha ya namna hii."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Alivuja damu nusu saa hivi. Angewahishwa hospitali, pengine tungekuwa tunazungumza naye."

Inspekta aliandika hayo kwenye daftari lake, kisha akaenda kuketi na Swabaha kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nina maswali machache tu. Mlifunga duka saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Baba alikwenda msikitini, mimi nikaenda kula nyumbani, Moshono. Nimerudi saa nane na robo, nikamkuta."

"Funguo wanazo nani?"

"Baba, mimi na Injinia Manase. Fundi wetu."

"Baba yako alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Jana alikuja Sista Pudensiana kutoka Mto wa Mbu. Zahanati yao ilinunua kompyuta kwetu mwezi wa tatu. Imezimika mara tatu, na mara ya mwisho ikapoteza orodha ya chanjo za watoto wote. Aliiacha hapa, na baba hakulala, aliichunguza usiku kucha. Asubuhi nilimsikia akimwambia Manase kwamba mashine zote zirudishwe."

"Zirudishwe kwa nini?"

"Sikuelewa, mama. Mambo ya prosesa anayajua Manase."

Manase Nanyaro alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mtulivu, kucha zake safi kama za daktari. Mjini walimwita Injinia, ingawa chuo alikiacha mwaka wa pili. Alisema kuanzia saa saba mpaka saa nane na nusu alikuwa kwa mama ntilie Paskalina, karibu na mto, akila ugali na maharage. Aliporudi alikuta watu wamejaa mlangoni.

Inspekta alimtuma Lesian kwa Paskalina. Wakati wakimsubiri, alisogea kwenye ile kompyuta inayowaka.

"Mimi haya siyajui, Injinia. Hii inafanya nini?"

Uso wa Manase ulichangamka.

"Iko kwenye majaribio. Inapiga hesabu nzito bila kupumzika. Leo siku ya tisa."

"Majaribio ya nini?"

"Kasi. Prosesa hii, ubongo wa mashine, kiwandani imeandikwa megahezi mia tatu. Mimi naiendesha kwa mia nne na hamsini. Wengi wanajaribu, inawafia, kwa sababu ukiongeza kasi unaongeza joto. Kazi yote iko kwenye joto."

"Unalizuiaje?"

"Kuna kipande cha aluminiamu juu ya prosesa, kina mapezi ya kunyonya joto. Vya dukani ni vidogo, kwa hiyo nachora vyangu, wahunzi wa mtaa wa Unga Limited wananisubia. Feni inapuliza juu yake. Nyuzi joto zinabaki arobaini na moja."

Inspekta aliinama. Mapezi ya aluminiamu yalikuwa yamesimama wima, membamba, yamepangana. Aliyahesabu. Yalikuwa sita.

"Na hizi nyuzi joto, unazijuaje usiku ukiwa umelala?"

"Mashine inaziandika yenyewe kila dakika."

"Nionyeshe za leo."

Manase alibonyeza vitufe kwa haraka ya mtu aliyezoea. Safu ndefu ya tarakimu ikatokea. Kisha vidole vyake vikasimama.

Inspekta alivuta kiti. Alisoma polepole, kidole kikishuka pembeni mwa skrini. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Saa saba na dakika thelathini na nne, arobaini na tisa. Kisha hamsini na tano. Kisha sitini. Saa saba na dakika arobaini, sitini na nane. Baada ya hapo zilishuka, hatua kwa hatua, hadi arobaini na moja.

"Hapa pamepita nini, Injinia?"

Manase aliondoa mikono kwenye vitufe.

"Feni ilisimama?"

"Labda umeme ulipungua."

"Umeme ungepungua, mashine ingezimika. Waya wa feni ulichomoka. Dakika sita baadaye mtu akauchomeka tena mahali pake, pini tatu kwenye kitundu hiki kisichozidi punje ya harage. Mwizi angejua?"

Manase alikuwa akiutazama ule waya.

"Swabaha angejua?"

"Hapana," Manase alisema taratibu.

Lesian alirudi. "Paskalina anasema Injinia alifika karibu saa nane, mikono ya shati imelowa. Ugali hakuumaliza."

Kwenye sanduku la vifaa la Manase, chini ya bisibisi, walikuta kipande kingine cha aluminiamu kikubwa kama tofali nusu. Kilikuwa kimeoshwa. Daktari alikiinua kwenye mwanga, akaonyesha weusi uliokauka katikati ya mapezi. Fedha za droo zilikuwa kwenye bahasha chini yake, hazijaguswa.

Kituoni, Inspekta Silantoi alimsomea haki zake. Manase alisema ataeleza mwenyewe.

"Mashine ishirini na mbili tulizouza nimeziongeza kasi," alianza. "Nilikwangua kwenye prosesa namba za kasi za kiwandani, nikachapa zangu. Mzee hakujua. Hapa kwetu zinakwenda vizuri. Nilizijaribu kwenye ubaridi wa Arusha. Sikufikiria joto la Mto wa Mbu."

"Akagundua jana."

"Alirudi msikitini akanikuta. Akasema atawaandikia wateja wote, awaeleze kilichofanyika na nani alifanya. Nikamwomba anipe muda nizirekebishe kimyakimya. Akasema watoto wa watu wamepotea kwenye orodha ya chanjo, hakuna kimyakimya. Wangeniita tapeli, afande. Miaka saba naitwa Injinia."

"Ukampiga kwa hilo?"

"Hapana. Alitaka kuzima mashine. Akasema aanze na hii. Siku tisa haijakwama hata mara moja. Ndiyo pekee iliyoonyesha kwamba mimi si tapeli, kwamba naijua kazi. Akaushika waya akauvuta, kumbe ni wa feni, ukachomoka. Nikampiga."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Alikuwa anapumua?"

Manase aliitazama meza.

"Alikuwa anapumua. Aliniita jina."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama tu. Kisha nikaona namba zinapanda. Ikifika sabini na mbili inakwama." Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Nikachomeka feni."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamsomea, akampa kalamu. Manase alisaini kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu, baada ya mazishi, Swabaha alifungua duka. Alikuwa na orodha ya wateja ishirini na wawili walionunua zile mashine. Alivuta simu, akaanza na Mto wa Mbu.