Tasnifu ya Bwana Walubengo

Siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, duka la Lorine la kuchapa na kujalidi, karibu na kituo cha mabasi Kisumu, lilijaa mpaka watu wakasimama nje juani. Kila mtu alikuwa na haraka, na kila mtu aliapa kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Dakta Ndegwa, mhadhiri kijana aliyehamia kutoka Nyeri, aliingia hapo kwa bahati tu. Mashine ya idara yao ilikuwa imekufa na mtihani wake ulikuwa wa kesho.

"Nakala hamsini, tafadhali," alisema.

Lorine alikuwa ndani ya gauni la kitenge la manjano, miwani imepandishwa juu ya nywele, vidole vimejaa gundi. Aliipitishia macho ile karatasi mara moja tu, akamrudishia.

"Swali la nne halina jibu, Daktari."

"Ati?"

"Unataka wastani na hujasema watu ni wangapi. Watakulaani kesho."

Ndegwa akasoma. Ilikuwa kweli kabisa.

"Kwani wewe umesomea hesabu?"

"Mimi nasoma kila kitu kinachopita hapa. Asubuhi nilikuwa mtaalamu wa malaria. Saa hii nimefika kwa talaka."

Akacheka, naye Ndegwa akaona pengo dogo kati ya meno yake ya mbele, na kwa upande wake moyo ukawa umeshatekwa. Alitoka na nakala hamsini na namba ya simu.

Wakapendana upesi, kama watu waliochelewa. Ndegwa alimpigia simu kila adhuhuri na kumwita mrembo kwa Kijaluo.

"Jaber, umekula?"

"Sema tena hiyo jaber. Unaitamka kama jina la simiti."

"Nafunzwa na nani, kama si wewe?"

"Basi mwalimu wako amefeli, mpenzi."

Mwezi wa nne Lorine alimwonyesha barua iliyomfanya alie machozi ya furaha: chuo kile kile alichofundisha Ndegwa kilikuwa kimemkubali kusoma shahada ya uzamili, kuanzia Septemba. Miaka saba alikuwa amefunga vitabu vya wengine kwa gundi na uzi. Ndegwa alimkumbatia mbele ya wateja, wateja wakapiga makofi.

Sasa niseme kile ambacho Lorine hakukisema. Hakuwa anafunga vitabu vya wengine tu. Alikuwa anawaandikia. Muuguzi alipata malaria yake kwake, mchungaji akapata talaka, mhandisi akapata mitaro ya mtaa wa Obunga. Chuo kilikuwa na sheria moja fupi juu ya jambo hilo: anayeandikiwa hapati shahada, na anayeandika hafunguliwi mlango maisha yake yote. Alikuwa ameamua kuacha. Ilibaki kazi moja tu, ya bwana mmoja aliyeitwa Walubengo, kuhusu vifua vya akina mama wanaokausha samaki kwa moshi kule Luanda Kotieno.

Na hapo ndipo tabia yake ilipomponza. Waandishi wa kukodiwa hukaa chini wakabuni majibu. Lorine hakuweza. Alipanda gari kila Jumamosi, akaenda mwenyewe, akakaa kwenye moshi na kuuliza.

"Unaendanga wapi kila Jumamosi?" Ndegwa akauliza.

"Kwa shangazi. Luanda Kotieno."

"Na simu hushiki."

"Mtandao ni mbaya huko."

Alirudi akinuka moshi, macho mekundu, amechoka na amefurahi. Alimsimulia habari za shangazi anayeita kikohozi chake mke mwenza, kwa sababu kinalala katikati yake na mzee. Ndegwa alicheka, lakini kwa nusu. Mwanaume akianza kunusa nywele za mpenzi wake kama askari wa mpakani, raha imeshaondoka.

"Huyo shangazi ana ndevu?" alimwuliza siku moja.

"Wacha ujinga, Ndegwa."

"Nauliza tu."

"Huulizi. Unashtaki." Siku nne hawakupigiana simu.

Mwezi wa sita Ndegwa aliwekwa kwenye jopo la kumsikiliza Walubengo akitetea tasnifu yake. Aliisoma usiku na mchana. Hakuwa amewahi kusoma kazi nzuri namna ile kutoka kwa mwanafunzi. Halafu akafika ukurasa wa themanini na nne, ambapo mama mmoja wa Luanda Kotieno alisema kikohozi ni mke mwenzake, kinalala katikati yake na mzee.

Siku ya utetezi alimwuliza Walubengo swali moja.

"Ukifika Luanda Kotieno, akina mama wanakausha samaki upande gani wa kituo cha feri?"

Walubengo alirekebisha tai. "Kuna feri?"

Jioni hiyo, saa kumi na moja, Ndegwa alimkuta Lorine katika kibanda cha chai pale Kisian, karibu na nyumba aliyopanga Lorine. Hakuketi.

"Nilidhani una mwanaume," alisema. "Afadhali ungekuwa na mwanaume. Huyo ningejua kumchukia."

Lorine alielewa palepale. Aliweka kikombe chini.

"Wanawake sitini na wawili," alisema polepole. "Nilikaa na kila mmoja. Hakuna neno la uongo mle ndani."

"Jalada ndilo uongo. Jina ni la mtu ambaye hajui kuna feri."

"Utawaambia?"

"Nitasema si kazi yake. Lazima niseme."

"Na mimi? Ukinitaja, Septemba imekwisha."

Ndegwa alikuwa na hasira, na bado alimpenda.

"Jina lako silitaji," alisema. "Nakuahidi."

Walubengo hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwamba anaonewa, na mkuu wa kitivo, Profesa Nabwire, akamwita Ndegwa mara tatu. Nani aliandika? Kama anajua na anaficha, yeye naye ni mshirika. Habari zikafika hadi dukani kwamba kijana wa Nyeri atafukuzwa kazi. Lorine alimwuliza, naye akasema ni maneno ya watu tu.

Jumatano mchana walikula samaki, mbuta wa kukaanga, kando ya ziwa. Ndegwa alikuwa mpole kupita kawaida. Alimtolea mifupa, akamwekea minofu upande wake wa sahani, akamshika mkono. Lorine akasema moyoni, mtu huyu anaharibu maisha yake kwa ajili yangu na hata halalamiki. Usingizi haukumjia usiku huo.

Alhamisi asubuhi alivaa suti ya samawati, akabeba daftari zote za Luanda Kotieno, akaingia ofisini kwa Profesa Nabwire.

"Aliyeandika ni mimi," alisema akiwa bado amesimama. "Dakta Ndegwa ananikinga tu. Tafadhali msimwadhibu."

Profesa Nabwire alivua miwani. Alionekana kumhurumia.

"Asante kwa kuja, binti yangu. Lakini hayo tunayo tayari." Akageuza barua iliyokuwa mezani. "Dakta Ndegwa alituandikia jana."

Muhuri wa kupokelewa ulionyesha saa nne asubuhi. Lorine aliusoma mara mbili, akaaga, akatoka. Ndegwa alikuwa amesimama koridoni, shati limekunjamana.

"Lorine, walinipa mpaka jana mchana. Ningepoteza kila kitu."

"Hilo naelewa. Kosa ni langu, na Septemba nimeipoteza mwenyewe. Lakini barua ulipeleka saa nne. Samaki tulikula saa saba."

"Nilitaka kukuambia. Nikakuona unacheka, nikashindwa."

"Ukanitolea mifupa."

Ndegwa akainamisha kichwa. "Nikuoe, Lorine. Tuanze upya. Si kwa sababu ya hatia. Nakupenda."

"Mimi pia nakupenda. Nimekuja hapa kukuokoa, si unaona? Nimevaa mpaka suti." Alihamisha daftari kwenye mkono wa pili, kwa kuwa zilikuwa nzito. "Lakini ile samaki ya jana imenikwama hapa kooni, na sijui itashuka lini. Mpaka ishuke, usinipigie."

Akateremka ngazi bila kugeuka nyuma. Ndegwa hakumfuata. Aliendelea kusikiliza viatu vya Lorine mpaka vikafika chini.