Vitabu Thelathini vya Washindi

Maboksi manne yalikuwa yamepasuliwa kwa wembe, na vitabu thelathini havikuwemo.

Inspekta alichuchumaa kwenye sakafu ya stoo ya ukumbi wa sinema, akayatazama moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa matupu. La tatu lilijaa kalenda. La nne, flana. Hakuna kalenda wala flana iliyoguswa.

"Kufuli?" aliuliza.

"Zima, afande," alijibu msimamizi wa kundi, mwanamume mnene aliyekwishaanza kujifuta jasho kabla jua halijapanda. "Na ufunguo anao mtunza stoo peke yake. Mpeleke kituoni, tusipoteze wakati."

Kundi lenyewe lilikuwa la mtandaoni, wapenda filamu elfu tatu waliosimuliana walichotazama. Lilikuwa na sheria moja: hakuna kuandika. Kila mtu hutuma sauti yake. Saa kumi alasiri ya siku hiyo, wanachama thelathini walioshinda shindano la kusimulia walikuwa wapewe vitabu vya zawadi ukumbini humo, wengine wote wakitazama kwenye simu zao.

Mtunza stoo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, askari amesimama kando yake.

"Mzee wangu, ufunguo hulala wapi?"

"Kwangu. Kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Unaishi na nani?"

"Na mtoto wa marehemu kaka yangu. Huyu Chiriku wao, anayefagia hapa." Mzee alikohoa. "Afande, miaka kumi na tisa sijapoteza hata kalamu. Nikitoka humu na askari, kesho nitapita vipi mtaani?"

"Chiriku ni nani kwenu?" Inspekta alimgeukia msimamizi.

"Roho ya kundi. Akikusimulia filamu ya vita, wewe mwenyewe unainama usipigwe risasi. Leo ndiye angefungua shughuli. Angesoma ukurasa wa kwanza wa kitabu, watu wote wakimsikia."

"Aliambiwa lini?"

"Juzi. Nilitaka iwe heshima kwake."

Askari wa alama za vidole alikuwa amemaliza kupuliza unga wake. Alama zilikuwa za mzee na za Chiriku, na wote wawili huingia humo kila siku. Hazikumsaidia mtu.

Inspekta alirudi kwenye maboksi. Kila moja lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa wino mzito, herufi kubwa kama kiganja. VITABU. VITABU. KALENDA. FLANA.

"Uliandika wewe?"

"Mimi. Ili hata kipofu aone." Msimamizi alicheka.

Inspekta hakucheka. Aliomba chumba na meza.

Chiriku aliingia akiwa amekunja mikono kifuani. Alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, napika."

"Ufunguo?"

"Msumarini."

"Nani kachukua vitabu?"

"Sijui, afande. Lakini baba mdogo hawezi. Yule akiokota kifungo, anatafuta shati lake."

Inspekta aliandika ukurasa mzima bila haraka, akamsogezea. "Haya ni maelezo yako. Soma taratibu. Kukiwa na neno ambalo hukulisema, niambie. Kisha tia sahihi."

Chiriku aliinama juu ya karatasi. Macho yake yalitembea vizuri, mstari kwa mstari. Mahali fulani alitikisa kichwa, mahali pengine akatabasamu kidogo.

"Ni sawa, afande. Ndivyo nilivyosema." Akachora sahihi nzuri yenye mkia.

Inspekta aliichukua karatasi, akasoma kwa sauti ya chini. "'Jana nilimwona baba mdogo akitoka na ufunguo. Yeye ndiye mwizi. Naomba afungwe.'"

Chiriku aliinua uso ghafla. "Mimi sikusema hivyo."

"Najua." Inspekta aliichana karatasi vipande vinne. "Mwizi alikuja kuchukua vitabu tu, lakini alilazimika kupasua maboksi yote ndipo avijue vilipo. Anayeweza kusoma asingejisumbua."

Nje ya mlango mzee alikohoa tena. Chiriku alisikiliza mpaka kikohozi kikaisha.

"Vimo ndani ya lile spika kubwa bovu kule nyuma ya ukumbi," alisema. "Vyote. Hakuna hata kimoja kilichochafuka."

"Kwa nini?"

"Niliacha shule darasa la pili, mama alipougua. Tangu hapo mimi ni wa kutumwa tu: lete, peleka, fagia. Halafu nikapata kundi ambalo hakuna anayeandika. Humo mimi ni mtu, afande. Wengine wananiita mwalimu. Nilipoambiwa nisome mbele yao, nilifikiria kusema nina mafua. Ila wangesogeza siku. Nikaona vitabu visipokuwepo, hakuna cha kusoma."

"Na baba yako mdogo?"

"Nilidhani watasema ni wezi wa mtaani. Lakini nilipotoka nilirudisha kufuli, kwa mazoea. Ndivyo alivyonilea. Ukitoka, funga."

Inspekta alifungua mlango, akamwita mzee. Chiriku alimwambia yote mwenyewe, bila kuinua uso.

"Kushtaki au kutoshtaki ni juu ya msimamizi," alisema Inspekta. "Maelezo ni juu yangu. Nitayaandika upya, na nitakusomea neno kwa neno kabla hujatia sahihi."

Mzee alikuwa bado amesimama. "Mwanangu, na karatasi zangu za hospitali? Miaka yote hii macho yangu yamefifia, si wewe unayenisomea?"

"Nilikuwa nampitia muuza dawa kwanza. Yeye anasoma, mimi nashika kichwani mpaka nyumbani."

"Ile siku uliyochelewa, nikakugombeza?"

"Duka lilikuwa limefungwa. Nilikuwa natafuta mwingine wa kunisomea."

Mzee alivuta kiti, akakiweka ubavuni mwa cha Chiriku, akaketi. Kalamu ya Inspekta ilifika mwisho wa ukurasa, ikasimama.

"Soma, afande," alisema mzee. "Tunasikiliza."