Mita Haikusimama

Bili ya maji ilifika Jumamosi asubuhi tukinywa chai. Mume wangu Lafaele aliisoma. Akaisoma tena. Kikombe kikamponyoka.

"Dola mia tisa! Mareta, humu ndani tuna bwawa la kuogelea?"

Siku zote bili yetu ya miezi mitatu ni mia tatu na kitu. Hapa Logan, Australia, kodi inapanda, petroli inapanda, hata mkate unapanda. Lafaele anaendesha foklifti ghalani. Mimi nasafisha makao ya wazee. Mia tisa tutaitoa wapi?

Lafaele alimgeukia dada yake mkubwa, Fetuao, aliyehamia kwetu miezi mitatu iliyopita.

"Wewe ndiye unayetumaliza! Kila siku unaoga nusu saa!"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Sisi Wasamoa, kaka hampandishii dada yake sauti. Dada ni wa kuheshimiwa.

"Nafanya kazi kiwanda cha kuku," Fetuao alisema polepole. "Narudi nanuka damu. Nijipanguse kwa kitambaa?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani akaanza kupanga nguo.

"Wifi, unakwenda wapi?" nililia.

"Nitalala kwenye gari."

Hakuwa anatania. Chumba cha kupanga kingemaliza mshahara wake wote.

Nilikimbia na bili mkononi kwa jirani yetu, Bi Noeline. Kabla ya kustaafu alisoma mita za maji miaka ishirini.

"Mmeangalia kama bomba linavuja?" aliuliza.

"Hakuna maji popote. Ua mkavu kabisa!"

"Maji yakivuja chini ya ardhi huyaoni. Twende."

Alituambia tufunge mabomba yote na tuzime mashine ya kufulia. Choo kisiguswe. Kisha akafunua kifuniko cha mita karibu na barabara.

"Kama hakuna anayetumia maji, kigurudumu hiki chekundu kinasimama," alisema. "Haya, chungulieni."

Kigurudumu kilikuwa kinazunguka mbio.

"Mungu wangu! Nani anaoga?" Lafaele alipiga kelele.

"Mimi niko hapa," Fetuao alisema. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya sanduku lake.

Lafaele aliinama kuitazama mita tena.

Bi Noeline alitembea kutoka kwenye mita kuelekea nyumbani, akifuata njia ya bomba. Alisimama kwenye magimbi ya Lafaele. Majani yake yalikuwa makubwa kama miavuli, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Kanisani Lafaele aliwaringishia watu wote kwamba mkono wake una baraka.

"Nani alipanda haya?"

"Mimi," Lafaele alijibu, bado kwa maringo kidogo.

"Na chuma hiki?" Alikuwa anagusa kwa kiatu kichwa cha chuma kilichochomoza katikati ya magimbi.

Nilishika kichwa. Miezi mitatu nyuma binti yetu alitimiza miaka ishirini na moja. Tulisimamisha hema la wageni mia mbili. Lafaele alipigilia vyuma vya hema kwa nyundo kubwa. Kimoja kiligoma kutoka, akakiacha, akapanda magimbi kukizunguka.

"Usiking'oe," Bi Noeline alimwonya. "Funga maji pale kwenye mita, kisha mwite fundi bomba mwenye leseni. Risiti yake utaipeleka ofisi ya maji. Pengine watakupunguzia, kwa sababu maji yalivuja mahali pasipoonekana. Na siku nyingine, uliza bomba linapita wapi kabla hujapigilia kitu."

Fundi alikuja mchana huohuo. Alichimba, akakuta chuma kimetoboa bomba katikati. Baadaye ofisi ilitupunguzia zaidi ya nusu, na bili iliyofuata ilirudi mia tatu. Siku hizi kila mwanzo wa mwezi Lafaele anafunga mabomba na kuchungulia mita.

Lakini siku ile fundi alipoondoka, Fetuao alikuwa bado ameshika funguo za gari.

Kwetu, aliyekosa hujifunika mkeka na kukaa chini mpaka aliyekosewa amfunue. Lafaele alichukua mkeka wetu mzuri kuliko yote. Akajifunika, akakaa mbele ya gari la dada yake, juani, majirani wote wakitazama.

"Wifi, atazimia," nilinong'ona.

"Mwache aive kidogo."

Alimwacha kweli. Mwishowe akaenda, akainua mkeka. Lafaele alikuwa analia.

"Inuka, mdogo wangu," Fetuao alisema, akampa funguo. "Nirudishie sanduku ndani. Mimi naingia kuoga, na ole wako ukae mlangoni kunihesabia dakika."