Abiria Mmoja, Kiti cha Dirishani

Nyumbani kwetu kuna cherehani moja, meza moja ya kukatia vitambaa na watu wawili. Mtu wa kwanza ni shangazi yangu. Yeye hushona nguo, na wateja humwita Fundi. Mtu wa pili ni mimi. Nasoma shule ya bweni, na likizo zote nakaa kwake. Shuleni huniita Chumvi, kwa sababu siku moja chumvi iliingia kwenye kopo la sukari la viranja. Iliingiaje? Uchunguzi bado unaendelea.

Likizo hii kazi yangu ilikuwa vifungo. Shangazi alikuwa anashona makoti kumi na mawili ya bluu kwa ajili ya mkahawa mpya ulio nyuma ya soko. Mkahawa huo umetengenezwa kama treni. Wateja huitwa abiria. Wahudumu huitwa makondakta, na meneja ni Mkuu wa Stesheni. Meza zimo ndani ya mabehewa ya mbao, na chakula kikiwa tayari kipenga hupulizwa. Kila koti lilikuwa na vifungo vinane vya shaba. Nilivishona vyote, na vidole vyangu ni mashahidi.

Alhamisi makoti yalichukuliwa. Watu wa mkahawa wakaacha oda nyingine, ya aproni zenye vifungo. Ijumaa Shangazi alifunika cherehani kwa shuka.

"Kesho mchana naenda kula kwenye treni," alisema.

"Twende!"

"Nimesema naenda. Sikusema twende."

"Peke yako, Shangazi?"

"Kwani nina midomo mingapi? Wewe ukiingia mahali, hata viti vinaanza kuogopa. Baki na vifungo vyako."

Nilibaki na vifungo vyangu. Baadaye akaongea tena, sauti ikiwa imeshuka.

"Chumvi, miaka kumi na minane nakula huku mguu uko kwenye cherehani. Tonge moja, mshono mmoja. Nataka siku moja niketi dirishani. Niletewe sahani, nile polepole, niyaone makoti yangu yakitembea. Basi."

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani, lile la harusi za watu wengine. Aliondoka saa sita. Nilimpigia saluti langoni.

Alirudi saa tisa. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Hakuketi. Alinitazama kama kitambaa ambacho hajui upi ni upande wa nje.

"Ulipanga na nani?" akauliza.

"Nilipanga nini?"

"Usinifanye mtoto. Ulipanga na kondakta yupi?"

Nimeshitakiwa mara nyingi maishani, na mara nyingi kwa haki. Lakini siku hiyo sikujua hata kosa lenyewe. Nilimwomba asimulie. Akasimulia, akisita kila mara kujiuliza.

Alipofika mlangoni, kondakta kijana alimwuliza, "Abiria wangapi?" Akajibu, "Mmoja." Kondakta akachungulia nyuma ya mgongo wake, kama vile kuna watu wamejificha kwenye gauni. Kisha akasema, "Abiria wa peke yake hupanda treni ya pili." Akamwelekeza kwenye benchi la nje.

"Nikasema haya, labda ndivyo wanavyocheza," Shangazi alisimulia. "Nikaketi. Wakaja watu wanne, wakaingia. Wakaja wawili, wakaingia. Yakaja makundi matano, Chumvi! Wote walinikuta, wote waliniacha. Saa nzima. Kipenga kinalia, treni ya pili siioni."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza. Akapiga saluti, akasema, 'Treni imechelewa, mama!' Watu wakacheka. Nami nikacheka."

Mwishowe aliingizwa. Hakupewa dirisha. Alipelekwa behewa la mizigo. Meza ilikuwa kati ya mlango wa choo na ndoo ya kudekia, na kiti kilitazama ukuta. Akaagiza wali na kuku. Alikuwa hajafika hata nusu ya sahani kondakta alipokuja na kipaza sauti.

"Akatangaza mkahawa mzima usikie, 'Abiria asiye na mwenzake, hiki ndicho kituo chako! Shuka!' Akachukua kiti changu, akawapelekea watu wa meza ya pili. Wakanipigia makofi, Chumvi. Makofi! Nikaachiwa sahani mkononi. Nikaiweka, nikalipa, nikatoka huku nacheka. Nimecheka mpaka kwenye kona ya soko. Pale kicheko kikaniishia, wala sikujua nilikuwa nacheka nini."

Akakaa chini.

"Ndipo nikasema, hapana. Huu ni mkono wa Chumvi. Nani mwingine ana akili ya namna hii?"

Niliapa. Niliapa kwa mama yangu, kwa shule yangu na kwa kopo la sukari. Lakini mtu mwenye historia kama yangu akiapa huonekana anafanya mazoezi. Jambo baya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Je, niliwahi kumwambia mtu yeyote? Je, nilitamani tu, wakasikia?

Siku mbili nilikunywa chai bila sukari. Shangazi alishona aproni kimya kimya. Lile gauni la kijani alilikunja, akalisukuma chini kabisa ya sanduku.

"Sitakwenda tena kula mahali peke yangu," alisema, akiliambia sanduku. "Pengine ndivyo ilivyo. Pengine mtu mmoja si mteja kamili."

Hapo niliacha kutafuta mzaha wa kusema.

Jumatatu jioni jirani yetu alikuja kupima sketi. Yeye ni karani katika ofisi ya biashara ya mji. Huketi kwenye dawati la malalamiko, na anasema kazi yake ni kusikiliza watu waliokasirika mpaka wapate njaa. Tunamwita Mama Karani. Aliona aproni, akaona uso wa Shangazi, akaniuliza mimi, "Umefanya nini?"

"Safari hii si mimi!"

"Kila safari si wewe. Fundi, kuna nini?"

Shangazi akasimulia upya. Mama Karani hakucheka. Alichomoa pini kwenye sketi, akaketi juu ya meza ya kukatia.

"Dada, tuchambue kama mchele. Kofia za treni, ni mchezo au si mchezo?"

"Mchezo."

"Kipenga?"

"Mchezo."

"Kukaa kwenye benchi saa nzima huku wengine wanaingia?"

Shangazi alifikiri. "Hapo ndipo ninapopotea. Kijana alikuwa amevaa koti la mchezo. Alikuwa anatabasamu."

"Tabasamu ni sehemu ya sare."

"Sare nimeishona mimi, Karani. Tabasamu sikulishona."

"Basi sikiliza. Ukishindwa kujua kama unachezewa au unaonewa, jiulize mambo mawili. Kwanza, je, wengine nao wamefanyiwa? Wale waliokuja wanne wanne, kuna aliyeambiwa ashuke?"

"Hakuna."

"Pili, je, nawe ungeweza kumrudishia? Ungechukua kipaza sauti umwambie kondakta ashuke, naye angecheka?"

"Angeniita kichaa."

"Kwa hiyo waliocheza ni wao. Wewe ulikuwa mpira."

Mimi niliwakumbuka viranja wawili hivi, na nyuso zao baada ya chai.

"Lakini mkahawa ni wao," Shangazi alisema. "Si wanaweza kupanga wanavyotaka?"

"Wanaweza kupanga. Meza kubwa kuwekewa watu wengi, sawa, ni biashara. Ila mpango uandikwe mlangoni, uusome kabla hujaingia. Zamu ifuatwe. Na hakuna mpango unaoruhusu kumwaibisha mtu akiwa na tonge mkononi. Ulilipa?"

"Nililipa sahani nzima."

"Risiti?"

Shangazi alifungua mkoba. Risiti ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Mama Karani aliinyoosha kwa kiganja.

"Huu ndio ushahidi wako. Risiti ina siku, ina saa. Chumvi, lete kalamu. Andika: alifika saa ngapi, aliingia saa ngapi, aliambiwa maneno gani. Usiongeze pilipili."

Niliandika bila pilipili. Iliniuma, lakini niliandika.

"Sasa, dada, unaenda mwenyewe. Huendi kwa kondakta, unamwomba mkubwa wao. Unaongea taratibu. Unaeleza kilichotokea, halafu unasema unataka nini. Watu wengi husahau hilo la mwisho. Wanafoka vizuri sana, wakiulizwa wanataka nini wanabaki kutazama dari. Usiposikilizwa, njoo kwenye dawati langu na karatasi hizi."

Shangazi aliangalia rundo la aproni. "Na wakininyima kazi?"

Mama Karani alimrudishia risiti. "Hilo siwezi kukudanganya. Linaweza kutokea."

Shangazi alichezea futi yake ya kupimia. Mimi nilitaka aseme ndiyo. Papo hapo nilitaka aseme hapana. Kisha akasimama, akafungua sanduku, akalitoa gauni la kijani.

"Limejikunja," alisema. "Chumvi, washa pasi."

Jumanne saa nne asubuhi tulikwenda. Mkahawa ulikuwa na watu wachache. Mimi niliamriwa nibaki nje kwenye lile benchi, mikono magotini, mdomo umefungwa. Benchi liko chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Sikutega masikio. Masikio yalijitega.

"Naomba kuonana na mkubwa wa hapa," Shangazi alisema.

Mkuu wa Stesheni alitoka. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ndogo. "Aa, Fundi! Umeleta aproni?"

"Zitakuja. Leo nimekuja kama mteja."

Akamweleza. Hakupandisha sauti. Alisoma karatasi mstari kwa mstari, akaweka risiti juu ya meza. Meneja alivua kofia, akaivaa tena. Alionekana kuchanganyikiwa kuliko sisi.

"Treni ya pili? Sisi hatuna treni ya pili. Mimi nilisema tu, saa za mchana meza za watu wanne wasipewe watu wachache. Kondakta! Njoo hapa!"

Kondakta alikuja. Alikuwa kijana mwembamba, na kifungo cha pili cha koti lake kilining'inia kwa uzi mmoja. Niliona haya. Kile nilikishona huku nasinzia.

"Ni kweli ulimtangaza kwa kipaza sauti?"

"Ulikuwa utani, bosi. Huwa nawafanyia wote wanaokuja peke yao. Wanafurahi! Hata mama alicheka."

"Nilicheka," Shangazi alisema. "Ndiyo maana nimekuja. Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Wewe kijana, mimi na wewe tuna utani gani? Hata jina langu hulijui. Na hilo koti nimelishona mimi."

Kondakta alitazama koti lake kana kwamba limemwita kwa jina. Alipoongea tena, sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemtoka.

"Nisamehe, mama. Nilidhani mtu akija peke yake, kuna aliyemkimbia. Nikasema nimchangamshe."

"Hakuna aliyenikimbia. Nilijileta."

Meneja alikohoa. "Fundi, tukupe nini? Chakula cha bure? Soda?"

Nilitamani kumpigia kelele kwamba aseme keki. Lakini mikono ilikuwa magotini.

"Sitaki cha bure," Shangazi alijibu. "Nataka mambo matatu. Anayekuja kwanza aingie kwanza, awe mmoja au kumi. Kama meza fulani zina masharti, yaandikwe mlangoni. Na huko dirishani muweke nafasi ya mtu mmoja. Mbao mnazo."

Meneja alijikuna chini ya kofia. "Dirishani... ni nafasi ya thamani."

"Ndiyo maana nimeitaka."

Akafikiri. Akaniona mimi dirishani, nikajifanya benchi. "Nipe mpaka Jumamosi," alisema.

"Niandikie hilo," Shangazi alisema. Akaandikiwa, nyuma ya tiketi ya chakula, na sahihi.

Kabla ya kuondoka alitoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akamwambia kondakta, "Simama wima." Akakaza kile kifungo cha pili. Kisha akatazama dirishani, moja kwa moja kwangu. Nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi iliyofuata alipeleka aproni, na hakurudi hadi saa tisa. Safari hii alikuwa amevaa viatu.

"Wameandika mlangoni, herufi kubwa kama ngumi," alisema. "Wamepigilia mbao tatu dirishani, viti vya mtu mmoja mmoja. Nilimkuta mzee mmoja anasoma gazeti. Nilikaa pembeni yake, wala hatukuongea neno. Raha iliyoje! Kondakta aliuliza, 'Abiria wangapi?' Nikasema, 'Mmoja.' Akasema, 'Karibu.' Basi. Nimekula polepole mpaka kuku akabaki mifupa."

"Kwa hiyo sasa unaamini haikuwa mimi?"

"Naamini. Nilikuonea, mwanangu."

Akaenda jikoni mwenyewe, akanitengenezea chai. Aliniletea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kikombe cha wageni. Nilipiga funda kubwa.

Ilikuwa chumvi. Vijiko vitatu, visivyopungua.

Nilimtazama. Hakutabasamu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, uso mtulivu kama hakimu. Sikujua nicheke au nilie. Zamani ningecheka tu. Lakini sasa nilikuwa mtu aliyeelimika, nikauliza.

"Shangazi, naomba kufahamu. Huu ni mchezo au ni adhabu?"

"Mchezo."

"Nami naruhusiwa kurudisha?"

Alivuta uzi, akaufunga fundo.

"Jaribu uone," alisema. Ndipo akacheka, na kicheko hicho hakikumwishia njiani.