Jini wa Kiti cha Mbele

Wasimulizi wengi wa majini hupenda kuwaweka usiku, makaburini, paka wakilia. Huyu ninayemjua mimi alikuja saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, katika ofisi ya mifugo pale Kitale, na hakuona haya hata kidogo.

Kwanza lilikuwa jambo la benchi. Ofisi ya Bethwel ina benchi moja refu la wakulima wanaosubiri chanjo za ng'ombe, na siku ya Jumanne watu hubanana hapo hadi wa mwisho anakalia tako moja. Jumanne hiyo walibanana pande mbili, wanne huku na watano kule, na katikati wakaacha nafasi ya mtu mzima. Bethwel akamwambia mzee mmoja aliyesimama mlangoni aketi, si nafasi hiyo hapo. Mzee akaitazama ile nafasi, akasema atasimama tu, miguu yake haina shida. Hakusema kwa nini, na hata ukimwuliza leo hatakuwa na la kukwambia.

Saa sita, watu walipoisha, Bethwel aliinua kichwa na harufu ikamwingia puani. Ilikuwa baruti, kama fataki iliyolipukia ndani ya kabati. Harufu hiyo alikuwa ameinusa mara moja tu maishani, na siku hiyo dada yake alikufa. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi, kulikuwa na nyayo za matope mabichi, na Kitale haikuwa imeona mvua wiki tatu. Akazifuata kwa macho, polepole, kama mtu asiyetaka kufika, mpaka akafika kwenye gambuti zenyewe, buti za mpira za kiume, na juu ya gambuti leso ya kijani ya kujitanda, na kutoka kwenye leso mkono mmoja wa kawaida na mwingine mrefu ajabu, umelazwa juu ya benchi hadi mwisho wake, vidole vinaning'inia. Uso hakuwa nao.

Bethwel hakupiga kelele. Kilichomshika kwanza hakikuwa woga, kilikuwa aibu, aibu ya kuwasha masikio, kwa sababu alimjua mwanamke huyo. Alikuwa amemtunga yeye mwenyewe, wiki moja iliyopita.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na gari dogo la rangi ya fedha, na kabla ya kuwa la Phelista, dada yake mdogo, lilikuwa la Bethwel. Miaka miwili nyuma yadi ya magari iliyomuuzia ilimtumia ujumbe kwenye simu: magari ya aina hiyo yameonekana yana kasoro, airbag zake, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, zinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Alipeleke lake kwenye gereji yao Eldoret, zitabadilishwa bure. Bethwel aliusoma akiwa kwenye foleni ya benki, akajiambia ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo kukawa na chanjo, iliyofuata harusi, na wewe unajua wiki zinavyokwenda. Halafu taa nyekundu ya airbag ikawaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima. Makanika mmoja wa mtaani, Hillary, akamwambia hiyo ni kitu ndogo, akaikatia waya kwa dakika kumi. Taa ikafa, ugonjwa ukabaki. Bethwel alipomwachia Phelista gari, hakumwambia habari ya taa wala ya ujumbe. Angeanzia wapi? Alikuwa amelisifu mno.

Siku ya ajali walikuwa wawili, Phelista kwenye usukani na Bethwel kando yake, wakienda kwa mama yao Bungoma. Walipofika Misikhu sokoni, trekta ya miwa ikasimama ghafla mbele yao na wakaigusa. Waliigusa tu, taa moja ikavunjika. Airbag ya upande wa Bethwel haikufunguka. Ya Phelista ilifunguka, ikapasuka, na moshi ulipotulia alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, akimtazama kaka yake kama anayetaka kumwuliza kitu.

Kwao, siku ya tatu baada ya mazishi ukoo hukusanyika kunyolewa nywele, ndiyo siku ya lufu, na aliyekuwa na marehemu mwisho husimama akaeleza kifo kilivyokuja. Bethwel alikuwa ameshafuta ule ujumbe kwenye simu, lakini kusema kweli alisimama akiwa na nia ya kusema yote. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba ajali ndogo vile mtu anakufaje. Akamtazama mama yake, kichwa kimenyolewa, mdogo kama mtoto. Akawatazama wale wote wanaomwita mzee wa kanisa. Mdomo ukafunguka, ukasema kulikuwa na mwanamke barabarani. Leso ya kijani. Gambuti za kiume. Alinyoosha mkono, ukapita kwenye kioo bila kukivunja, ukamshika Phelista shingoni.

Hakuna aliyeuliza tena habari ya gari, na Bethwel, Mungu amsamehe, aliona raha.

Raha yenyewe ilikuwa ya siku mbili tatu. Uongo mtamu haupewi nafasi ya kulala, kila anayekuja kutoa pole anataka aonjeshwe. Shangazi yake alitaka kujua kama yule mwanamke alitoa sauti, na Bethwel, ili aachwe, akasema alicheka. Kesho yake kicheko kilianza ofisini, ndani ya friji ya chanjo, chini chini, kila alipoifungua. Ndipo akaelewa kwamba jini yule alikuwa akila maneno yake, kila alichoambiwa anacho alikuwa nacho. Alijiapiza hatasema neno jingine. Lakini mwisho wa mwezi jirani mmoja wa mama yao akampigia, akamsihi sana amwambie, ati hicho kitu kinataka nini? Bethwel alikuwa amechoka. Mwanamke alikuwa kwenye benchi, hatua tano kutoka kwake.

"Anataka mwingine," akasema.

Akaona leso ikisogea. Baada ya wiki tatu za kukaa, jini aliinuka, akaburuta ule mkono sakafuni, akatoka mlangoni kama mkulima aliyehudumiwa. Harufu ikaondoka naye. Jumanne hiyo wakulima walijaza benchi lote, na Bethwel alikula chakula chake cha mchana akamaliza.

Jioni akapigiwa simu na Wamalwa, mume wa Phelista. Habari zilikuwa nzuri, kwa Wamalwa. Gari lilikuwa limetengenezwa, limewekwa taa na usukani wa spea, na mchungaji ameliombea. Airbag ile nyingine haikuwa imeguswa, mbona iguswe na ilikuwa nzima? Nasike, binti yake wa miaka minane, ndiye sasa anakaa mbele wakienda shule, kwa sababu anasema ndipo anapomsikia mama yake. Jambo moja tu, Wamalwa akasema akicheka kidogo, mtoto analalamika kiti kinanuka fataki.

Shemeji yake alipokata, Bethwel akajiambia hilo ni la kusemwa ana kwa ana.

Jumamosi akaenda Bungoma. Kulikuwa na maombi ya kusafisha boma la mama yake, watu thelathini sebuleni, mchana kweupe, chai kwenye machupa. Lile gari la fedha lilikuwa limeegeshwa kwenye nyasi. Kupitia dirishani aliona leso ya kijani kwenye kiti cha mbele, imetulia, inangoja. Akasimama, akawaambia. Alianza na ujumbe wa yadi akamaliza na trekta ya miwa. Akasema hakukuwa na mwanamke yeyote barabarani, yeye ndiye aliyemtunga kwa aibu, dada yake aliuawa na chuma ambacho yeye alijua kipo, na chuma kama hicho kiko mbele ya kifua cha Nasike sasa hivi, na akamwomba Wamalwa kwa jina la Mungu asilitie gari ufunguo tena mpaka wa Eldoret waje walibebe.

Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililomwogopesha. Walimtazama kwa huruma, na mama yake alikuwa analia.

"Papa, mwanangu, usijibebeshe lawama," akamwambia. "Mimi pia nimemwona. Juzi amesimama hapo kwa mahindi, na gambuti."

Wengine wakaitikia kwamba na wao pia. Mchungaji Peris, mwanamke mpole wa sauti ndogo, akaweka kikombe chini. Akauliza huo ujumbe uko wapi. Bethwel akasema aliufuta. Akauliza kwa nini, basi, alimtaja yule mwanamke mbele ya ukoo siku ya lufu. Bethwel akarudia lile alilokwisha kulisema, kwamba ni aibu.

"Si yeye anaongea," Mchungaji Peris akawaambia taratibu. "Ni yule. Anataka tumsahau, ndiyo apate njia."

Wakamshika. Walimshika kwa upendo, hilo ni lazima lisemwe, watu waliomjua tangu utotoni, wakamlaza kwenye mkeka na mikono yao ikamjaa kichwani na kifuani na miguuni, na kila alipotaja airbag sauti zao zilipanda, na kila alipotaja Eldoret walimwamuru jini anyamaze, na alipolia jina la Nasike mtu akamziba mdomo kwa kiganja kilichonuka sabuni, na akaona mama yake amepiga magoti akimkemea yeye, mwanawe, kama anayefukuza mbwa jikoni, na shati likachanika, na kiatu kimoja kikamtoka, na jasho la watu likamdondokea machoni, na katikati ya kelele zote hizo akaisikia injini ya gari ikiwashwa nje na akajua kwamba akisema ukweli mara moja zaidi watamshikilia hapo mpaka giza.

"Ametoka," Bethwel akasema.

Wakapiga makofi. Wakamwinua, wakampangusa, mama yake akamfunga vifungo vilivyobaki. Alitoka nje mbio na kiatu kimoja. Wamalwa alikuwa kwenye usukani, mlango wa abiria wazi, na Nasike ameshaweka mguu mmoja ndani. Bethwel akamkamata mkono, akamwomba ampe mjomba wake kiti hicho leo, amsindikize hadi nyumbani. Mtoto akanuna, akapita nyuma.

Akaketi. Kiti hakikuwa kitupu. Alihisi magoti mawili chini ya mapaja yake, baridi, na kifua kikija kugusana na mgongo wake kama kimezoea, na ule mkono mrefu ukampita begani ukatulia juu ya dashibodi, pale pale airbag ilipolala. Baruti ilimjaa kooni. Wamalwa, hana habari, alimgeukia binti yake akamwambia asinune, Jumatatu ya shule kiti ni chake. Bethwel akafungua mdomo, akaona watu wamejaa mlangoni kwa mama yake wanawapungia, Mchungaji Peris mbele yao, akaufunga.

Wamalwa akamwekea mkono gotini.

"Shemeji, niambie ukweli. Bado unamwona?"

"Hapana," Bethwel akasema. "Simwoni."