Pikipiki Iliyopiga Chafya

Nilisikia chafya.

Ilikuwa usiku, Elburgon yote imelala, hata misumeno ya viwanda vya mbao imenyamaza. Chafya moja, ndogo, kavu. Niliamka moyo ukiruka kwa furaha, kwa sababu hiyo chafya ndiyo tulikuwa tukiingoja tangu mtoto azaliwe, nikapapasa blanketi gizani nikisema asante Mungu, amepiga, sasa atanyonya, sasa atakuwa mtu.

Mtoto alikuwa amelala. Mdomo umefungwa. Pua kavu.

Ikaja tena.

Haikutoka kitandani. Ilitoka sebuleni.

Wacha nieleze vizuri, najua naruka ruka. Kwa kina Kipketer, mume wangu, mtoto hachaguliwi jina hivi hivi. Wamama wazee wanakaa naye, wanampitishia tumbaku ya kunusa puani, kidogo tu, halafu wanaita majina ya watu wa boma lao waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Kogo, nyanya yake Kipketer, alishuka kutoka Olenguruone na kikopo chake cha tumbaku, akaita mpaka sauti ikakauka. Mtoto wetu alimtazama tu. Tumbaku iko puani na hakuna kitu. Kogo alifunga kikopo akasema, "Aliyekuwa wake ameenda mahali pengine." Akaondoka bila kumaliza chai.

Baada ya hapo mtoto akaanza kukataa titi. Kliniki walimpima, wakaniambia yuko sawa, nimpe muda. Muda gani, na shingo inakuwa kama ya kifaranga? Nikimkamulia maziwa mdomoni yanateremka shavuni, yanaingia sikioni, naye ananitazama kama mgeni anayengoja kuondoka.

Na huko sebuleni kulikuwa na pikipiki.

Si pikipiki kama za bodaboda. Hii ni ile kubwa ya zamani ya safari za mbali, silinda moja tu lakini hiyo moja ni kama sufuria ya ugali, kiti kiko juu mpaka mimi napanda nikishikilia ukuta. Kipketer aliitoa Gilgil, kwa mzee mmoja aliyekuwa ameifunika na gunia nyuma ya nyumba. Tangu ifike, nyumba haikuwa yangu tena. Aliitoa tangi akaweka kubwa zaidi. Alikata bomba la moshi. Alichukua bati zuri nililokuwa nimeweka la jikoni akatengeneza masanduku ya pembeni, akanionyesha kama mtoto wa nasari na mchoro wake. Nikiuliza kwa nini inalala sebuleni, ananiambia nje kuna unyevu. Unyevu. Nepi za mtoto hazikauki na pikipiki ndiyo inaogopa unyevu.

Siku aliyoileta ilikataa kuwaka. Haina kuwasha kwa kidole, ni kick pekee, ya kukanyaga kwa mguu, na kick ya silinda kubwa ukiikosea inakurudishia mguu wako. Maxwel, rafiki yake fundi, alikuwa amechuchumaa hapo na spana, wote wawili wamechoka, wanatoa moshi mdomoni kwa baridi. Mimi nilikuwa chumbani, nimetoka tu hospitali, nanyonyesha. Kogo alikuwa bado hajashuka.

"Boss, hii kitu inataka kuitwa jina," Maxwel alisema. "Si ndio nyinyi hufanya kwa watoto?"

"Wacha ujinga," Kipketer akasema. Lakini nikamsikia akicheka. Kisha akaanza. Jina la babu, kick. Jina la babu mwingine, kick. Kila jina na kick yake, na Maxwel anamjibu kwa sauti ya mama mzee, "Hapana, huyu hamjui, ita mwingine."

Halafu Kipketer akaita baba yake mdogo.

Jina lake sitaliandika. Huyo alikuwa mpasua mbao, kijana bila mke wala mtoto, mtu wa pikipiki na wa tumbaku ya kunusa. Siku moja aliingia msitu wa Mau na pikipiki yake, msumeno umefungwa nyuma. Walipomtafuta walikuta pikipiki imesimama kwa stendi katikati ya miti, injini inanguruma polepole. Yeye hakuonekana. Hata kiatu.

Kipketer aliita jina hilo, akakanyaga.

Injini ikapiga chafya.

Kisha ikawaka. Du... du... du... Walicheka mpaka Maxwel akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu saa hiyo hiyo mtoto aliachia titi, akageuza uso kuelekea ukuta wa sebule.

Sasa usiku ule niliposikia chafya, nilichukua simu nikawasha tochi nikaenda kuangalia. Harufu ilinigonga kwanza. Petroli, hiyo nimeizoea, ndiyo marashi ya nyumba yangu. Lakini chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine, kavu, ya kuwasha pua.

Tumbaku.

Nilimulika chini. Beseni la kumwoshea mtoto lilikuwa sakafuni, limejaa petroli, na ndani yake kabureta imelala vipande vipande. Nilimulika pikipiki. Pale kabureta inapokaa kulikuwa na shimo tu, limezibwa na nepi. Nepi yangu.

Nepi ikavutwa ndani kidogo. Ikasukumwa nje.

Chafya.

Nilipiga kelele mpaka Kipketer akaja amevaa chupi tu. Akaangalia, akakuna kichwa, akaniambia ni hewa ilibanwa kwa injini. Halafu akachukua ile nepi, akainusa, akairudisha.

Kesho yake nilimngoja Maxwel mlangoni.

"Shem, kupiga chafya ni kawaida," alisema. "Tumeweka jet ndogo. Hako katundu ka kupitisha petroli. Huko juu Mau hewa ni nyepesi, petroli ikiwa nyingi inazimika. Ikiwa kidogo sana, inapiga chafya. Ni hivyo tu."

"Inapiga bila kabureta?"

Akaangalia viatu vyake.

"Labda ni panya, shem."

Tangu siku hiyo hakuingia sebuleni. Alikuwa akifanyia kazi mlangoni, Kipketer anamletea vipande.

Mtoto alipofika kiwango cha kutolia hata akilowa, nilisema nampeleka kwa Kogo aitwe tena. Nilitaka gari. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara ya juu, magari yanaishia njiani, na Kipketer alifurahi kama aliyeombewa. "Hii ndiyo kazi yake," akasema, anapiga tangi kama shavu la ng'ombe. "Matope ni chakula yake." Nilimwambia mtoto wake anakufa na yeye anatafuta mahali pa kujaribu tairi za pikipiki. Akanifungia helmeti taratibu, akavuta kamba mara mbili kuhakikisha imeshika, basi nami nikaacha maneno.

Nilimfunga mtoto kifuani kwa leso, tukapanda.

Nitasema ukweli, ilipanda. Matope yalikuwa hadi ekseli na ilipanda, du, du, du, kama mzee anayepanda kilima bila haraka. Tulipoingia kwa miti jua lilikuwa linaondoka. Ukungu ukashuka. Na hapo, mahali hakuna nyumba wala ng'ombe, ikapiga chafya.

Ikapiga tena.

Ikazima.

Kipketer alikanyaga kick. Akakanyaga. Alikuwa anaitukana kwa sauti ya chini, kisha anaibembeleza, kisha anaitukana. Mara kick ikarudi kwa nguvu na nikasikia kifundo cha mguu wake... kama kijiti kikavu. Alikaa chini kwa matope. Hakulia. Alisema tu, "Ai, jamani," kama mtu aliyemwaga chai.

Simu haikuwa na mtandao. Akachukua fimbo, akasema atachechemea hadi ile kona, huko huwa inashika. Nilimwambia asiniache. Akasema, "Naona hapo tu, si mbali." Ukungu ukamla kabla hajafika.

Nikabaki mimi, mtoto, na hicho chuma.

Kimya.

Niligusa injini. Ilipaswa kuchoma mkono, tumepanda Mau yote. Ilikuwa baridi. Baridi na imelowa, kama pua ya ndama.

Harufu ya tumbaku ikaja.

Nilifungua leso nikaangalia mtoto. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwekea titi, hakuligusa. Alikuwa anapumua, kisha anangoja, kisha anapumua. Na ndipo nikasikia kitu kingine. Ndani ya injini, polepole, kulikuwa na kupumua pia. Mtoto akingoja, injini inavuta. Injini ikingoja, mtoto anavuta.

Walikuwa wanagawana pumzi.

Sijui kama umewahi kukasirika mpaka woga ukaisha. Mimi woga uliniisha. Nilikuwa nimechoka na petroli, nimechoka na spana kwa sinki, nimechoka kuambiwa ni hewa, ni panya, nimpe muda. Niliinama nikaweka mdomo karibu na hilo tangi kubwa.

"Hiyo ni ya mtoto wangu," nikanong'ona. "Toka huko. Huyu ndiye mtoto."

Na nikamwita yule baba mdogo aliyepotea. Kwa jina lake.

Hakuna kitu.

Ukungu. Tone la maji kwenye jani.

Halafu kifuani pangu, ndani ya leso...

Chafya.

Nilishtuka nusura nimwangushe. Alikuwa amefungua macho. Akashika titi na ufizi wake kwa nguvu hata nikaumia, akaanza kunyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu. Nilikuwa nalia, sikujua ni kwa furaha au ni kwa nini. Na mbele yangu, hakuna mtu aliyekanyaga kick, hakuna mkono kwenye usukani, pikipiki ikawaka.

Du... du... du...

Imesimama kwa stendi, katikati ya miti.

Kipketer alirudi akirukaruka kwa mguu mmoja, uso umejaa kicheko. "Umeiwasha? Wewe? Na hiyo miguu?"

"Nimepiga kick," nikasema.

Tulifika kwa Kogo giza limeshika. Mlangoni kwake injini ilizima yenyewe. Kipketer alisaidiwa kuingia, mguu ukafungwa, akapewa maziwa ya moto akasinzia kwenye kiti. Kogo alimchukua mtoto karibu na moto. Akampenyezea kidole chini ya kidevu, akamwinua uso, akaangalia pua.

Aliangalia kwa muda mrefu.

"Nani amempa tumbaku?" alinong'ona.

"Hakuna mtu, Kogo."

Alinionyesha. Ndani ya tundu za pua, vumbi la kahawia. Kikopo cha Kogo kilikuwa bado kimefungwa kwenye pindo la nguo yake.

"Umemwita nani?"

Nilimwambia sikioni. Alifumba macho. Ukuni ulipasuka motoni, akaruka, yeye ambaye sijawahi kumwona akishtuka.

"Huyo hana kaburi," akasema. "Mtu asiye na kaburi haitwi, mama. Hujui anatoka wapi, hujui anarudi na nani."

"Kogo, ananyonya."

Alimtazama mtoto. Akachukua pembe ya shuka yake, akaitia mate, akampangusa pua pole pole, tundu moja, kisha nyingine.

"Ananyonya," akakubali. "Basi. Watu watamwita Kipngetich, alizaliwa ng'ombe wakitolewa asubuhi, inatosha. Hilo jina lingine ni lako na langu. Hata baba yake asijue. Apa."

Niliapa.

Pikipiki ilirudishwa Elburgon kwa lori la mbao. Iko sebuleni, mahali pake. Haijawaka tena. Maxwel amebadilisha jet, amefungua kichwa cha injini, amefunga, anasema haina kasoro yoyote, haitaki tu. Mtoto amenenepa, mikono ina mikunjo, majirani wanamsifu. Halii. Usiku analala hajafumba macho vizuri, na ukiweka sikio kifuani moyo wake unapiga kwa nafasi, unapiga, unapumzika, unapiga, kama anapanda kilima.

Jana jioni nilikuwa nakunja nepi chumbani. Kipketer, mguu umepona, alikuwa sebuleni anajaribu kick. Nikamsikia akicheka peke yake.

"Sawa," akaiambia. "Tuite basi, kama ile siku."

Akaanza. Jina la babu, kick. Jina la babu mwingine, kick. Nilitaka kupiga kelele aache. Ningesema nini? Nimeapa. Nilisimama na nepi mkononi nikihesabu wafu wa watu.

Akafika kwa baba yake mdogo. Akamwita.

Kick.

Pikipiki, kimya.

Nyuma yangu, kitandani, ndani ya blanketi... chafya.

Kipketer alitokea mlangoni. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, polepole, na hakuwa anacheka tena.

"Mtoto ana homa?"

"Ni baridi tu," nikasema.

Mtoto alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa anamtazama baba yake na kutabasamu, vile mtu mzima hutabasamu akiitwa na mtu anayemjua.

Nimeandika kwa sababu siwezi kubeba yote peke yangu, na majina ya hapa nimeyabadilisha, hata langu sikuliandika. Lakini lile moja limebaki kwangu na kwa Kogo. Ukikutana nami sokoni ukaniuliza, nitakuambia mtoto anaitwa Kipngetich na ni baridi tu. Nimeapa tena leo asubuhi, nimempakata mtoto mapajani, akinitazama. Yule mwingine simtaji.